Tuhamie wapi na mtoto wa rangi mbili? South C, Ngara ama Parklands

MamaNuru

Habarini wadau. Nimekuwa msomaji tu hapa, kimya kimya, leo imebidi niandike. Mimi ni Mtaita wa Voi, mzee wangu ni Mhindi wa hapa hapa Nairobi, yeye na baba yake wote wamezaliwa Ngara na akikasirika Kiswahili chake kinashinda changu. Tuna msichana mmoja wa miaka mitano na nusu, Januari anaingia gredi wani. Saa hii tunaishi Syokimau, nyumba haina shida, maji ya kisima yako, majirani wazuri, sina neno na mtu.

Shida ni kwamba mtoto amekuwa kama ua la mezani. Shuleni wanamuita pointi faivu, yaani nusu nusu, na si kwa ubaya, hata ticha anamuita hivo akicheka. Siku ya kufunga shule yeye ndiye wa kumpelekea mgeni shada, kwa picha anavutwa mbele, na yule mwenzake aliyekariri shairi lote bila kukwama akapangwa nyuma karibu na mlango. Huyo mwenzake aliona, na wangu pia aliona. Sasa juzi nikimuosha akanyoosha mkono wake kando ya wangu akaniuliza mama, mbona mkono wangu haufanani na wa mtu yeyote. Nilimwagia maji kichwani nikamwambia funga macho sabuni itakuingia, juu sikuwa na jibu.

Nikasema basi twende Parklands karibu na kina mama mkwe. Jumamosi moja mzee akanishukisha kwa geti akaenda kutafuta mahali pa kuegesha, niko na mtoto mgongoni amelala, soja ananiambia dada, wafanyikazi wanapitia geti ya nyuma na uache kitambulisho. Mimi naingia kwa hiyo fleti mwaka wa saba sasa. Mtoto ni wangu lakini yeye ameona ayah amebeba mtoto wa tajiri.

Sasa swali. Kuna mtaa hapa Nairobi ambapo mtoto kama huyu atakuwa mtoto tu, na mimi niwe mama yake bila kueleza? Renti tunaweza mpaka 70 thao tukijikaza, shule za milioni hatuziwezi, hamsini ama sitini kwa temu ndio mwisho wetu. Tunaangalia South C, Ngara, Parklands, labda Kilimani. Naomba kusikia waliolea watoto huko, si waliopita na matatu.

Kajamaa_ka_Umoja

Mama Nuru usinikasirikie lakini hizi ni shida za watu wa kisima.

Mimi nimelelewa Mathare, tulihamia Umoja Januari 2008, wakati wa vurugu za uchaguzi, na godoro mbili kwa mkokoteni, na waliotutoa walikuwa weusi kama sisi, tumecheza nao mpira miaka yote. Hakuna aliyetuangalia rangi, walituuliza jina la pili. Sasa watu wakiniambia wanatafuta mtaa wa mchanganyiko mimi huuliza mchanganyiko wa nini. Ploti yetu hapa haina Mhindi wala mzungu lakini Mkamba yuko, Mjaluo yuko, Mkisii, Mkikuyu, Mluhya wawili na keateka ametoka Tanzania, na choo cha chini tunagawana wote. Huo ni mchanganyiko hautaona kwa brosha.

Tafuta maji, usalama na shule ya karibu mtoto asiamke saa kumi kungoja basi. Hayo mengine atazoea.

BintiMugoya

@Kajamaa "atazoea" ndio neno ambalo watu hutumia wakizungumzia mtoto wa mwingine.

Mama Nuru karibu South C, niko hapa mwaka wa kumi na tatu, watoto watatu. Nitakuambia ukweli wote, mzuri na mbaya. Kwa koti yetu, yaani nyumba za geti moja, kuna nyumba kumi na sita, Wasomali, Waborana, Wanubi, Waswahili kama mimi, Wahindi familia mbili wazee wazee, Mkikuyu, Wajaluo, na Mkorea mmoja ambaye sijawahi kujua hufanya kazi gani. Mtoto wako hapa hatashangaza mtu kwa sura, hiyo nakuhakikishia, juu Msomali ana nywele zake, Mborana ana zake, sisi Waswahili ndio usiseme, kwetu kuna dada ni mweusi tititi na ndugu yake baba mmoja mama mmoja unaweza kudhani ni Mwarabu. Watoto wakitoka nje jioni huwezi kupanga nani ni wa nani mpaka mama zao waanze kuita kwa madirisha. Idi sinia zinatembea nyumba kwa nyumba, Krismasi zinarudi na chapati. Hivo ndivyo tunaishi na sio ya kuigiza.

Sasa mbaya. Kwanza ndege za uwanja wa Wilson, utazoea (hiyo ndio ya kuzoea). Pili wanajenga ghorofa kila kona, jua linapotea na magari yanalala mpaka kwa lami. Tatu ndio yenye nilitaka kukuambia. Mchanganyiko wa watoto una umri. Wangu wa kwanza alikuwa na rafiki Msomali mlango wa pili, walikuwa wanashinda pamoja mpaka watu wanawaita mapacha, kufika gredi nne hivi ikaanza kupungua, huyu ana madrasa kila jioni, yule tyusheni, halafu shule tofauti, halafu msichana hatoki tena kucheza. Hakuna aliyegombana. Saa hii wakikutana kwa lifti wanasalimiana kama watu wa ofisi.

Na usifikiri siasa na serikali hazifiki. Aprili 2014, ile operesheni ya baada ya mabomu ambayo maelfu ya watu, wengi Wasomali, walipelekwa uwanja wa Kasarani, watoto wa jirani yangu walilala kwangu siku nne. Wa kwangu wakubwa waliuliza kwa nini wao na sio sisi, na sisi tumevaa buibui kama wao. Nakuambia haya ndio usije ukidhani South C ni peponi. Lakini kama ni mimi ningechagua tena hapa hapa.

MtotoWaZiwani

Binti yangu Mama Nuru, mimi ni mzee sasa, nimezaliwa Ziwani 1958, kwa hivyo nivumilie nikirudi nyuma kidogo, kwa sababu swali lako lina majibu ya zamani.

Nairobi haikuchanganyika ikatengana, ilitengwa kwanza. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilimleta daktari mmoja, Profesa Simpson, baada ya tauni kusumbua mji, na dawa aliyoandika ni kwamba kila rangi ikae peke yake. Kisingizio kilikuwa afya. Mwaka 1923 Waingereza wenyewe walitangaza kwamba kutenga makazi ya mjini kwa rangi kumeachwa, lakini hati za viwanja zilibaki na masharti yake na bei ilifanya kazi iliyobaki. Mzungu juu upande wa magharibi kwenye udongo mwekundu na miti, Mhindi Ngara na Parklands na Eastleigh katikati, sisi mashariki kwenye udongo mweusi wa pamba unaoshika kiatu. Ukichukua ramani ya leo ukaangalia mitaa ya bei ghali iko wapi utafikiri hakuna kilichobadilika ila majina ya barabara.

Shule vivyo hivyo. Prince of Wales ya Wazungu ndiyo Nairobi School ya leo, Duke of York ndiyo Lenana, na Duke of Gloucester ya Wahindi ndiyo Jamhuri. Uhuru ulipokuja milango ikafunguliwa, na mimi 1965 nilivuka barabara kutoka Ziwani nikaingia darasa la kwanza kwenye shule iliyokuwa ya Wahindi upande wa Ngara. Waafrika tulikuwa saba katika darasa la arobaini. Kijana niliyeketi naye alikuwa anakuja na mkebe wa chakula wa ngazi tatu, chini mboga, katikati mchele, juu chapati nyembamba zenye majani ya uwatu. Mimi nilikuwa na githeri kwenye karatasi. Siku ya tatu alinusa yangu, nikanusa yake, tukabadilishana, na tuliendelea kubadilishana miaka mitatu. Mama yake akijua angekasirika, na mama yangu alijua akacheka mpaka akaketi chini.

Halafu ikafika 1967, serikali yetu ikatunga sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara kwa wasio raia, na wengi wa Wahindi walikuwa na pasipoti za Uingereza. Waingereza nao wakaanza kuandaa sheria ya kuwafungia, ikapita mwanzo wa Machi 1968. Ile Februari uwanja wa ndege wa Embakasi ulijaa watu na masanduku. Darasani kwetu viti vilianza kubaki vitupu, Jumatatu viwili, Alhamisi vinne. Zamu ya rafiki yangu wa mkebe ilikuwa Ijumaa. Hakuniaga, nadhani hata yeye hakuambiwa mapema. Mkebe wake mmoja ulibaki kwenye dawati, ile ngazi ya juu, mwalimu akaniambia niuchukue. Nilikaa nao mpaka nikaoa.

Ninachotaka kukuambia ni hiki, mtaa hauna rangi yake ya kudumu. Eastleigh ilikuwa ya Wahindi, leo ni mji wa Wasomali tangu Somalia ilipovunjika 1991. Pangani palikuwa kijiji cha Waafrika mpaka wakakivunja mwisho wa miaka ya 30 wakatuhamishia Shauri Moyo. Ngara yenyewe zile nyumba za mawe zenye ua wa ndani zinabomolewa kila mwezi, wanaweka hosteli za wanafunzi. Ukichagua kwa sababu ya majirani wa leo, jiulize kama ni wenye nyumba ama wapangaji, kwa sababu wapangaji tunapeperuka.

Kajamaa_ka_Umoja

Mzee wa Ziwani umeniweza hapo kwa mkebe. Naondoa nusu ya maneno yangu, nusu nabaki nayo.

TichaMchovu

Nimefunza shule za kibinafsi nne hapa Nairobi kwa miaka kumi na nane, majina sitaji ndio niendelee kula. Naongea juu ya shule tu, mitaa niwaachie wengine.

Brosha zote zina watoto wanne wanacheka, mweusi, mweupe, Mhindi na mmoja wa katikati. Mama Nuru huyo wa katikati ndiye wako, na usishangae wakikuomba picha yake hata kabla ya kukuandikia risiti. Usiangalie brosha. Nenda saa ya lanchi. Kuna shule nilifunza ilikuwa na watoto wa kila aina, ukiingia darasani unasema waa, kufika lanchi meza zinajipanga zenyewe, Wahindi pale, wale wa mabalozi pale, Waafrika wa pesa pale, na watoto wa basari kwa meza iliyo karibu na jikoni. Hakuna aliyewaambia wakae hivo. Zile za juu kabisa zinazopita milioni moja kwa mwaka, na wengi ni wa UN pale Gigiri na mabalozi, zina pasipoti za dunia nzima lakini mfuko ni mmoja. Mtoto hapo anajua Mnorwe na Mjapani na hajui mtoto wa Kawangware, na Kawangware si mbali.

Pili, uliza sheria ya nywele. Hii wazazi wengi hawaulizi na ndio inanikera kuliko zote. Shule nyingi hapa Kenya msichana Mwafrika ananyolewa ama anaruhusiwa matuta peke yake, na Mhindi na pointi faivu wanaachiwa nywele mpaka kiunoni, afunge tu na ribini. Nimekaa darasani nikaona mtoto wa gredi faivu amenyolewa kipara akimwangalia mwenzake akichana nywele chini ya dawati, anaangalia kama mtu anaangalia chakula. Siku hiyo tulikuwa tunasoma mambo ya usawa kwa kitabu cha social, nikafunga kitabu nikawapeleka nje wakacheze. Nikiuliza kwa ofisi naambiwa nywele za Waafrika "zinachukua muda." 2019 Mahakama Kuu ilisema msichana Mrasta asifukuzwe shule kwa rasta za imani yake, lakini hiyo ilikuwa ya dini, haya mengine bado kila shule na hedimasta wake. Wewe mtoto wako ataachiwa nywele, na hapo ndipo ujue kama wenzake watampenda ama watamchukia kwa kitu hajafanya. Tafuta shule yenye sheria ni moja kwa vichwa vyote, ziko.

Tatu, Kiswahili. Hizi za mtaala wa Uingereza mtoto anaweza kuchagua Kifaransa Kiswahili akakiacha, halafu unapata kijana amezaliwa Nairobi hawezi kuongea na mama mboga. Na huyo ukimuuliza ana marafiki gani utajua jibu.

Mwisho nenda getini saa tisa na nusu wakitoka. Angalia nani anaingia kwa gari ya nani.

MamaNuru

Asanteni sana jamani, mzee wa Ziwani nimemsomea mume wangu, akanyamaza halafu akapigia baba yake simu. Wao walibaki 1968 juu babu alikuwa amechukua uraia mapema, ndugu zake wote walienda Leicester, Uingereza.

Sasa mjue yaliyonipata wiki hii. Nimepata nyumba kwa mtandao, vyumba viwili, upande wa Parklands, 65. Nikapiga simu, ajenti akasikia Kiswahili changu akaniambia imechukuliwa. Jioni mume wangu akapiga, akataja jina lake, akaambiwa iko wazi aje kesho saa nne. Tukaenda wote wawili kwa makusudi. Ajenti kuniona akaanza kuangalia simu, akamvuta mume wangu kando akamwambia kwa Kigujarati kwamba mwenye nyumba anataka familia za Kihindi tu kwa sababu ya kupika nyama. Mume wangu ndiye anakula nyama kwetu! Mimi hata samaki nakula kwa shida.

Niko na hasira mpaka sasa. Kuna kitu naweza kufanya ama nimeze?

Karani_Milimani

Usimeze dada. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi wa rangi na kabila, na hakiongei na serikali peke yake, kinamfunga hata mtu binafsi. Halafu kuna Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, ile iliyokuja baada ya vurugu za uchaguzi, inagusa mpaka mambo ya nyumba na mali, na ndiyo iliyounda tume ya NCIC, unaweza kupeleka malalamiko huko. Kitu muhimu ni ushahidi. Ajenti wengi hawaandiki, wanasema kwa mdomo. Mtumie ujumbe kwa WhatsApp umuulize kwa upole kama nyumba bado iko, na kama ni kweli mwenyewe anachagua jamii. Akijibu piga skrinshoti. Usimtukane, ukimtukana skrinshoti itakuwa yake.

Nikiongeza tu, hii haiko kwa Wahindi peke yao. Nimeona faili ya mwenye ploti wa Kiafrika aliyekataa wapangaji wa kabila fulani waziwazi, na nimesikia wengine wakikataa Wasomali wakisema "wanajaa." Kila mtu ana geti yake ya nyuma.

BintiMugoya

Aki nimechoka na hii Nairobi siku zingine. Mama Nuru, koti yetu nyumba nambari tisa inaachwa mwisho wa mwezi, vyumba vitatu, wanaomba 68, dipo mwezi mmoja. Mwenyewe ni mama wa Kinubi, atakachokuuliza ni kama unalipa tarehe tano ama tarehe kumi.

MamaNuru

Nimewasikia wote. Nimemtumia yule ajenti ujumbe kama Karani alivyosema, ameusoma (tiki za bluu naziona) na hajajibu. Nimehifadhi.

Jumanne nilichukua ruhusa kazini nikaenda na Nuru kukaa getini, shule mbili. Ya kwanza ya kibinafsi sitasema iko wapi, magari yalikuja moja moja, madereva wameshuka wamesimama na majina kwa karatasi kama airport, watoto wakaingia kila mmoja kwa lake, dakika kumi na tano kukawa kweupe. Hakuna mtoto aliyekimbia. Nuru aliniuliza kama hao watoto ni wagonjwa.

Ya pili ni ya serikali, upande wa Ngara, mzee wa Ziwani unaweza kuijua. Hiyo walitoka kama siafu. Kulikuwa na wasichana wawili wa kujitanda wamebeba kiatu kimoja cha mwenzao wanamkimbiza, yeye anaruka na mguu mmoja huku akicheka na kulia. Wahindi nilihesabu wanne, si wengi, lakini hawakuwa pamoja, kila mmoja alikuwa na watu wake. Kijana mmoja mchafu magoti akaja mpaka kwa Nuru akamuuliza unajua kucheza bano, yaani gololi? Nuru akasema hapana. Akampa moja la kijani, akaenda bila kuuliza jina. Nuru alilala nalo, na asubuhi nikalipata ndani ya soksi.

Lakini sitawadanganya, nilipoingia kwa ofisi niliona pia darasa la watoto hamsini na kitu, watatu watatu kwa dawati, na choo sikumaliza kukiangalia. Mume wangu anasema yeye hakutoka Ngara ndio mtoto wake arudi Ngara, babake anasema yeye angemchukua na kumpeleka kwa miguu kila siku. Wanabishana kwa simu sasa hivi nikiandika.

BintiMugoya nambari tisa nakuja kuiona Jumapili baada ya kanisa, kama saa saba. Niambie maji ya kaunti yanakuja siku gani na tangi ya juu ni ya lita ngapi, na kutoka hapo mpaka Ngara asubuhi mtoto anafaa kuamka saa ngapi.